Filimbi, Kushindwa na Kuchanganya Timu: Mpira wa Kikapu Kama Shule ya Hisia Vyuoni

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tunaojifunza Kiswahili nchini Burundi tulikutana na methali hii mapema, katika orodha za methali za kukariri, na wengi wetu tuliichukua kuwa maneno ya kumpoza aliyefungwa. Ukiitazama vizuri, haimpozi mtu. Inasema kwamba kukubali kushindwa ni sifa ya mshindani, sawa na mbio na nguvu za mwili. Kwa maneno mengine, ni uwezo, na uwezo hufunzwa. Swali la insha hii ni la kihistoria: je, michezo ya kujiburudisha vyuoni imewahi kweli kuwafunza wanafunzi kuzitawala hisia zao? Na kama imewafunza, ilifanya hivyo kwa njia gani?

Jina la uwezo huu ni jipya kuliko uwezo wenyewe. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walichapisha makala iliyoeleza akili ya hisia, yaani uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za wenzake, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Mwaka 1995 kitabu cha Daniel Goleman kiliueneza msemo huo duniani. Siku hizi ni kawaida kusikia kwamba michezo hujenga akili ya hisia kwa wanafunzi. Mimi sipingi, lakini naona hoja hiyo husemwa kana kwamba mpira ni kidonge: meza, utapona.

Kwa sababu hiyo nimechagua mchezo mmoja, mpira wa kikapu. Huu ni mchezo uliobuniwa chuoni, kwa ajili ya wanafunzi, na tatizo lililouzaa lilikuwa tatizo la hasira. Kwa kufuata visa viwili vya Marekani, cha mwaka 1891 na cha mwaka 1944, kisha kurudi nyumbani Bujumbura, nitaonyesha kwamba mpira peke yake haukumtuliza mtu. Waliofunzika walifunzwa na mambo matatu yaliyofungwa ndani ya mchezo: kukubali kusimamishwa, kukubali kushindwa, na kukubali kuchanganya timu.

Mbunifu wa mchezo huu, James Naismith, alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Ontario, Kanada. Wazazi wake walikufa kwa homa ya matumbo alipokuwa na umri wa miaka tisa, akalelewa na jamaa zake. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kisha akasomea uchungaji. Wakati ule watu wengi wa kanisa waliona raga kuwa mchezo wa kuwapotosha vijana. Naismith alisimulia baadaye kwamba wanafunzi wenzake wa theolojia walikutana chumbani jioni moja kumwombea, kwa kuwa alikuwa akiicheza.

Alisimulia pia tukio lililombadilisha mawazo. Katikati ya mechi mchezaji mwenzake alipandwa na hasira, akatukana. Kisha akamgeukia Naismith na kumwomba radhi, akisema alikuwa amesahau kwamba yuko karibu. Naismith alishangaa, kwa sababu hakuwa amewahi kumkemea mtu yeyote kwa matusi. Alichofanya ni kucheza kwa bidii na kujizuia, na wenzake waliona. Akahitimu masomo yake ya dini lakini hakuchukua kanisa. Mwaka 1890 alikwenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha kufundisha wafanyakazi wa YMCA, akiamini kwamba uwanjani pia kijana anaweza kulelewa.

Imani hiyo ilijaribiwa haraka. Majira ya baridi ya mwaka 1891 yalipoingia, michezo ya nje ilisimama, na wanafunzi wakaingizwa ukumbini kufanya mazoezi ya viungo kwa amri ya mwalimu. Darasa moja la wanafunzi 18 liligoma kwa mwenendo, ingawa si kwa tangazo. Walikuwa wanaume wazima waliokuwa wakijiandaa kwa kazi za uongozi, nao waliyaona mazoezi yale kuwa ya kitoto. Walimu wawili walishindwa nao. Mkuu wa idara, Luther Gulick, akamkabidhi Naismith darasa hilo na kumpa siku 14 abuni mchezo wa ndani. Naismith alijaribu kwanza kuiingiza ukumbini michezo ya nje iliyojulikana, lakini wachezaji wakaumizana.

Siku zilipokaribia kwisha alibadili namna ya kuuliza. Badala ya kuuliza ni mchezo gani utawapendeza, aliuliza ugomvi unaanzia wapi. Jibu lake lilikuwa hili: katika raga watu huangushana kwa sababu mwenye mpira hukimbia nao. Akizuiwa kukimbia nao, hakuna sababu ya kumwangusha. Kisha akalitazama goli. Likiwa chini, mbele ya macho, mtu hurusha kwa nguvu zote. Akakumbuka mchezo wa utotoni wa kulenga jiwe dogo lililokaa juu ya jiwe kubwa, ambapo aliyerusha kwa utaratibu, jiwe likapaa na kushuka, alifanikiwa kuliko aliyevurumisha. Akaamua goli liwe juu. Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili, akaletewa vikapu viwili vya matunda ya pichi. Vikapu vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini, yaani karibu mita 3.05, na kimo hicho hakijabadilika hadi leo.

Tarehe 21 Desemba 1891 Naismith alibandika sheria 13 ukutani. Sheria hizo zilichapishwa katika gazeti la chuo tarehe 15 Januari 1892, kwa hiyo tunazo. Mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Lazima autupe kutoka pale alipoudakia. Haruhusiwi kumpiga mwenzake kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumpiga ngwala wala kumpiga. Akikosa mara ya kwanza inahesabiwa madhambi. Akikosa mara ya pili anatoka nje hadi goli lifuatalo lifungwe, na kama nia yake ilikuwa kumuumiza mtu, anatoka mechi nzima na hakuna wa kuingia badala yake. Timu ikifanya madhambi matatu mfululizo, wapinzani wanapewa goli. Kulikuwa na waamuzi wawili, mmoja wa kuutazama mpira, mwingine wa kuwatazama watu. Sehemu kubwa ya sheria hizo inahusu mkono wa mtu unapotaka kwenda kusikotakiwa.

Wanafunzi 18 wakagawanywa, tisa kwa tisa. Hapa mwanahistoria anakutana na shida nzuri, kwa sababu kuna masimulizi mawili ya siku hiyo, na yote mawili ni ya Naismith mwenyewe. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1941, baada ya kifo chake, anaeleza kwamba madhambi yalikuwa mengi lakini wachezaji waliupenda mchezo, na kwamba mechi ile ya kwanza ndiyo iliyomaliza matatizo ya darasa lile. Matokeo yalikuwa goli moja kwa bila, lililofungwa na William Chase. Lakini katika mahojiano ya redio ya Januari 1939, yaliyosahaulika kwa miongo mingi hadi mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas alipoyapata, mzee huyo anasimulia jambo jingine. Anasema wanafunzi walianza kuangushana, kupigana mateke na ngumi. Wengine walivimba macho, na mmoja aliteguka bega. Aliogopa kuwa watauana. Hata hivyo walimfuata siku baada ya siku wakimwomba wacheze tena, ndipo akaongeza sheria, na kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kutokukimbia na mpira. Baada ya hapo hakuna aliyeumia.

Tuamini lipi? Masimulizi yote mawili yalitolewa takriban nusu karne baada ya tukio, na kumbukumbu ya mzee, kama ya mtu yeyote, hupangua na kupanga upya. Kitabu kinaiweka sheria ya kutokukimbia kabla ya mechi. Redio inaiweka baada yake. Siwezi kulimaliza shauri hili, lakini sioni kwamba ni lazima limalizike ili tujifunze kitu. Masimulizi yote mawili yanakubaliana kuwa vijana hawakuingia uwanjani wakiwa na akili ya hisia mfukoni. Yanakubaliana pia kuwa walitulia pale walipokubali kusimamishwa. Kwangu kiini ni kile kipande cha redio cha kuomba wacheze tena. Mtu anayetaka kucheza kesho ana sababu ya kuivumilia filimbi leo. Hasira hasara, na hasara yenyewe sasa ilikuwa dhahiri: ukimpiga mwenzako, unakaa pembeni ukitazama wengine wakicheza.

Kabla ya kuondoka Massachusetts, inafaa kuuliza hisia za nani zilikuwa zikifunzwa. Mwaka 1892 mwalimu Senda Berenson aliupeleka mchezo huu katika Chuo cha Smith, chuo cha wanawake kilichokuwa karibu na Springfield. Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheza na wa mwaka wa pili, na wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Berenson alibadili sheria: uwanja uligawanywa sehemu tatu na mchezaji hakuruhusiwa kutoka katika sehemu yake, wala kumpokonya mwenzake mpira mkononi. Aliwapa wasichana mchezo wa pamoja wakati ambapo wengi waliamini mishipa yao haiwezi kuuhimili. Hata hivyo, mipaka ile ilibeba wazo kwamba ari ya ushindani ni aibu kwa mwanamke. Mvulana alifunzwa kuitawala hasira yake. Msichana alifunzwa asionekane kuwa nayo. Aina ya mchezo wa wasichana iliyotokana na mipaka hiyo iliendelea katika baadhi ya shule za Marekani hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo tunapozungumzia kutawala hisia, tuangalie tusije tukamaanisha kunyamazisha watu.

Kisa cha pili kinaanzia kwa Naismith pia. Alihamia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898, na huko miaka ya 1930 akamlea kitaaluma mwanafunzi mweusi aliyeitwa John McLendon. Kijana huyo aliruhusiwa kusomea elimu ya michezo, lakini hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Chuo kilichoujali sana mchezo uliobuniwa kumlea kijana kilimfungia kijana mlango wa mchezo huo huo. Kufikia mwaka 1944 McLendon alikuwa kocha katika Chuo cha North Carolina cha wanafunzi weusi, mjini Durham. Timu yake ilicheza kwa kasi kubwa, na msimu ule ilikuwa imepoteza mechi moja tu. Katika mji huo huo kilikuwepo Chuo Kikuu cha Duke, cha wazungu peke yao. Timu ya shule yake ya udaktari, iliyokuwa na vijana waliowahi kuvichezea vyuo vingine kabla ya vita, ilisifiwa sana.

Sheria za jimbo zilitenganisha rangi katika shule, mabasi na mahali pa kulia chakula. Hata hivyo baadhi ya wanafunzi wa vyuo viwili walikuwa wakikutana kwa siri katika mikutano ya YMCA, na katika mazungumzo hayo likazuka swali la kivulana kabisa: nani mkali zaidi? Mechi ikapangwa Jumapili asubuhi, tarehe 12 Machi 1944, saa ambayo watu wengi wa mji, pamoja na askari polisi, walikuwa kanisani. Wanafunzi wa Duke waliendesha magari kwa kuzungukazunguka ili wasifuatwe, wakaingia ukumbini wamejifunika makoti vichwani. Milango ikafungwa. Hakukuwa na watazamaji, isipokuwa wanafunzi wachache waliogundua na kupanda madirishani. Mwamuzi alikuwepo, na saa ya mchezo ilikuwepo.

Mwanzoni pande zote mbili ziliogopa. Pasi zilipotea na mikono ikatetemeka, kwa sababu karibu wote hawakuwa wamewahi kushindana na mtu wa rangi nyingine. Kisha vijana wa McLendon wakazoea, wakaanza kukimbia, na mechi ikaisha kwa 88 kwa 44. Fikiria, msomaji, kijana aliyelelewa tangu utoto akiambiwa kuwa yeye ni bora kwa kuzaliwa, anafungwa mara mbili ya alama zake na watu ambao sheria inasema wakae nyuma ya basi. Angeweza kuvaa koti lake na kuondoka. Badala yake baada ya mapumziko mafupi walifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko zile 88: walichanganya timu. Wakacheza mechi ya pili, weusi na weupe upande mmoja dhidi ya weusi na weupe upande mwingine. Kisha wakaenda bwenini, wakakaa kuzungumza.

Mechi ya kwanza iliwafunza wageni kukubali kushindwa, na wenyeji kwamba hofu yao haikuwa na msingi. Lakini katika mechi ya kwanza bado kulikuwa na sisi na wao. Katika ya pili yule uliyekuwa ukimkaba ndiye unayemtafuta kwa pasi. Inabidi usome macho yake, ujue amechoka au ana ari, ujue anaupenda mpira juu au chini. Huko ndiko kutambua hisia za mwenzako, kabla Salovey na Mayer hawajaandika lolote.

Sitaki kuipamba siku hiyo kupita kiasi. Mwandishi wa gazeti la weusi la mji huo aliijua habari na akakubali kutoiandika, kwa usalama wa wote. Alikuwa na sababu. Julai ya mwaka huo huo, mjini Durham, dereva wa basi mzungu alimpiga risasi na kumuua askari mweusi, Booker Spicely, baada ya mzozo juu ya mahali pa kukaa, na mahakama ikamwachia dereva. Duke ilipokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mwaka 1963. Mechi yenyewe haikujulikana kwa umma hadi mwanahistoria Scott Ellsworth alipoiandika mwaka 1996, miaka 52 baadaye. Kwa hiyo asubuhi ile haikubadili sheria hata moja. Iliwabadilisha vijana wachache waliokuwepo, na ukumbi haukuweza kufanya zaidi ya hapo. Mazoea ya moyo hayawezi kushika nafasi ya haki.

Mrundi anayesoma habari hizi hawezi kuzisoma kama za mbali. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, nchi yetu iliingia vitani, na mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, kama Kamenge, Kinama, Cibitoke na Ngagara, ikagawanyika kikabila. Kijana wa mtaa mmoja akikanyaga mtaa wa pili aliyaweka maisha yake hatarini. Katika eneo hilo hilo kulikuwa na Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa na mapadre Waksaveri mapema miaka ya 1990 ili vijana wa pande zote wakutane kwa michezo, masomo na kazi za pamoja. Mwaka 2002 kituo hicho kilipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Kilikuwa na jambo ambalo Durham haikuwa nalo: mlango wake ulikuwa wazi mchana, na kila aliyeingia alijulikana kuwa ameingia. Pia kilifanana na Durham kwa jambo moja: hakikuizuia vita.

Mimi nilizaliwa vita hivyo vikielekea kwisha. Jumamosi jioni nacheza mpira wa kikapu chuoni kwetu, mchezo wa kujiburudisha tu, bila kocha wala refa. Aliyefanyiwa madhambi anasema mwenyewe, na wengine wanakubali, hata wanaonung'unika, kwa sababu tukibishana giza litaingia bila mtu kucheza. Timu tunazipata kwa kurusha: kila mtu anarusha mpira kutoka kwenye mstari, na watano wa kwanza kufunga ndio timu moja. Huchagui mwenzako. Mwaka wangu wa pili baadhi ya wenzetu walianza kuja na timu zilizokwisha kupangwa, watu wa mtaa mmoja au waliosoma sekondari moja. Mchezo ulikuwa mzuri kwa macho, lakini kelele ziliongezeka. Kila madhambi yalikuwa na upande wa kuyatetea, na maneno ya uwanjani yakaanza kufuatana nasi hadi mezani tunapokula. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akasema turudi kwenye kurusha. Wengine walikataa kwa wiki mbili hivi, kisha wakarudi, na kelele zikapungua.

Sidai kwamba huo ni utafiti. Lakini ndio ulionifanya niisome Durham kwa jicho jingine, na kutilia shaka msemo kwamba michezo huunganisha watu. Michezo huunganisha au hutenganisha kulingana na namna timu zinavyopatikana.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, michezo ya vyuoni imewahi kuwafunza wanafunzi kuzitawala hisia zao, lakini kwa masharti. Springfield inatuonyesha kwamba hasira haikuondoka kwa sababu watu walikimbia na kutoka jasho. Ilipungua pale sheria ilipoondoa sababu ya ugomvi na mchezaji akawa na kitu cha kupoteza. Smith inatukumbusha kuuliza ni nani anayeambiwa ajizuie na kwa faida ya nani. Durham inaonyesha kwamba kushindwa kunamfunza mtu anapobaki uwanjani baada ya kushindwa, na kwamba hatua kubwa kuliko ya kushindana ni ya kuchanganyika.

Vyuo vyetu vikitaka michezo ilee, visiishie kununua mipira na kuandaa makombe ya kitivo dhidi ya kitivo. Makombe ni mazuri na yana furaha yake. Viweke pia jioni ambazo wachezaji wanagawanywa kwa bahati, wasichana na wavulana wakiwa na uwanja wao wa uhakika, na filimbi inayoheshimiwa na wote. Naismith alipozifundisha timu za Kansas alipoteza mechi 60 na kushinda 55, na katika historia ya chuo hicho ndiye kocha pekee wa mpira wa kikapu wa wanaume aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mtu aliyeubuni mchezo alifungwa nao mara nyingi kuliko alivyoshinda, na hakuacha kuufundisha. Methali yetu ingemkubali kuwa mshindani.